Matthews: Winga aliyegoma kuzeeka

MIAKA 50 na siku tano. Huo ndio umri aliokuwa nao Stanley Matthews alipoingia uwanjani Februari 6, 1965 akiwa na jezi ya Stoke City dhidi ya Fulham. Haikuwa mechi ya maveterani, haikuwa bonanza wala mechi ya hisani. Ilikuwa Ligi Daraja la Kwanza England, ambayo enzi hizo ndiyo ilikuwa ligi ya juu kabisa, pointi zikiwa mezani na mabeki wa Fulham wakiwa hawana sababu yoyote ya kumwonea mzee huruma. Stoke ilishinda 3-1.

Leo tukimwona Cristiano Ronaldo amevuka 40 na bado anacheka na nyavu, tunasema ni sayansi. Ana wapishi, ana madaktari, ana mashine za kila aina nyumbani. Sawa. Matthews hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya soka, sheria ya ligi iliweka kikomo cha mshahara wa mchezaji, na hata kilipofika juu kabisa hakikuzidi pauni 20 kwa wiki. Alichokuwa nacho ni mwili wake, saa ya kuamkia, na akili ya kujua kwamba mazoezi ya kijana wa miaka 20 siyo yale yale ya mtu wa miaka 40.

Hilo la mwisho ndilo wengi huliruka wakimzungumzia. Wanasema alizaliwa nalo. Hapana, bwana. Ukiyafuatilia maisha yake unaona alitengenezwa, kisha akaendelea kujitengeneza mwenyewe.

MTOTO WA KINYOZI BONDIA

Alizaliwa Februari 1, 1915 huko Hanley, moja ya miji inayounda Stoke-on-Trent, eneo lililojulikana kwa viwanda vya vyombo vya udongo. Baba yake, Jack Matthews, alikuwa kinyozi mchana na bondia wa uzito wa unyoya ulingoni. Mtaani walimwita Kinyozi Mpiganaji. Alikuwa na watoto wanne wa kiume, Stanley akiwa wa tatu, na mzee hakuwa na mchezo na suala la mwili.

Saa 12 asubuhi watoto walikuwa macho. Dirisha linafunguliwa, baridi ya England inaingia, wanasimama na kuvuta pumzi ndefu, kisha wanashika springi za kuvuta kwa mikono ili kupanua kifua. Mtoto wa shule ya msingi! Mzee alitaka mmoja wao arithi glovu zake, na jicho lake lilikuwa kwa Stanley. Mtoto mwenyewe alikuwa na mawazo mengine. Alikuwa akipanga viti vya jikoni nje na kuvipiga chenga, au akipiga mpira ukutani hadi giza linaingia.

Hatimaye wakaafikiana. Akiitwa timu ya taifa ya wanafunzi ya England kabla hajamaliza shule, basi acheze soka. Asipoitwa, ni ngumi. Dogo akaitwa. Ngumi zikakosa bondia, lakini mazoezi ya ngumi hayakumtoka. Pumzi, kifua, miguu myepesi, kutomwangalia mpinzani usoni bali kumsoma mwili unaelemea upande gani. Vyote hivyo ni vitu vya ulingoni, na ndivyo alivyoenda navyo pembeni mwa uwanja.

Stoke City ilimsajili akiwa na miaka 17, na Machi 1932 akacheza mechi yake ya kwanza dhidi ya Bury. Mwaka 1934 akaichezea England kwa mara ya kwanza, dhidi ya Wales, na akafunga. Hakuwa mrefu wala mnene. Alikuwa kijana mwembamba wa wing ya kulia ambaye kila beki wa kushoto alijua atafanya nini, na bado akampita. Anaukaribia mwili wa beki polepole, mpira mguuni. Anainamia kushoto kama anaingia ndani. Beki anahama. Hapo hapo mpira unasukumwa kwa upande wa nje wa mguu wa kulia na Matthews ameshaondoka. Chenga moja tu, miaka 33! Wakampa jina la Mchawi wa Chenga.

VITA IKALA MIAKA YAKE MIZURI

Mwaka 1939 Vita ya Pili ya Dunia ikasimamisha ligi. Matthews alikuwa na miaka 24. Ligi iliporudi mwaka 1946 alikuwa na 31. Fikiria winga yeyote unayemhusudu, kisha mwondolee miaka yote kati ya 24 na 31 ya mechi za ligi. Wengi wa kizazi chake hawakurudi tena kwenye kiwango kile, na hakuna wa kuwalaumu.

Yeye aliingia jeshi la anga na akapangiwa karibu na Blackpool, mji wa pwani. Alicheza mechi za wakati wa vita, akaendelea na ratiba yake ya asubuhi, na akaupenda ufukwe wa pale. Baba yake alifariki mwaka 1945. Inasimuliwa kuwa kabla ya kufumba macho mzee alimwomba mambo mawili: amtunze mama yake, na siku moja alete nyumbani medali ya Kombe la FA.

Stoke ya mwaka 1947 ilikuwa inautafuta ubingwa, lakini Matthews na kocha Bob McGrory walikuwa hawaivi. Mwezi Mei, msimu ukiwa haujaisha, akauzwa Blackpool kwa pauni 11,500. Stoke ikaenda mechi ya mwisho ikihitaji ushindi ili iwe bingwa, ikafungwa. Mpaka leo haijawahi kuchukua ubingwa wa ligi.

Matthews alikuwa na miaka 32. Kocha wa Blackpool, Joe Smith, alimuuliza wazi kama anadhani anaweza kusukuma miaka miwili mingine. Lilikuwa swali la haki kabisa. Winga anaishi kwa kasi, na kasi ndiyo ya kwanza kuaga. Misuli ya kushtuka, ile inayokupa hatua tatu za kwanza, huanza kupungua taratibu kuanzia miaka ya thelathini na kitu, na usipoitumia inapungua haraka zaidi. Ndiyo maana mtu wa miaka 45 anaweza kutembea kilomita kumi bila shida lakini akikimbilia daladala hatua ishirini anashika paja.

Miaka miwili ya Joe Smith ikageuka 14.

ALFAJIRI UFUKWENI

Sasa hapa ndipo penye utamu. Alifanya nini?

Kwanza, alikimbia ufukweni Blackpool alfajiri, watu wengine wakiwa wamejifunika blanketi. Lakini hakuwa mtu wa mbio ndefu za kujichosha. Alijua kazi yake uwanjani ni mita kumi, kumi na tano, basi. Kwa hiyo alipiga mbio fupi fupi, kushtuka na kusimama, kushtuka na kusimama. Aliilinda kasi ile ndogo anayoihitaji na kuachana na ile asiyoihitaji. Mchanga nao ni mwalimu. Haukupi mguu mgumu wa kukanyagia, unakulazimisha utumie vifundo na misuli midogo ambayo kwenye nyasi nzuri haifanyi kazi. Wanaokimbia Coco Beach asubuhi wanaelewa.

Pili, hakuacha mazoezi ya baba yake. Pumzi mbele ya dirisha, viungo, kunyoosha mwili. Mtu mzima, nyota wa taifa, bado anafanya mambo aliyofundishwa na kinyozi wa Hanley.

Tatu, viatu. Hii nayo ni stori ya aina yake. Siku za mechi alitembea kwenda uwanjani amevaa viatu vilivyowekwa risasi, ile madini nzito, ili akivivua na kuvaa daluga ahisi miguu imekuwa manyoya. Na daluga zenyewe hazikuwa za kawaida. Wachezaji wa England wakati ule walivaa mabuti yaliyofunika kifundo, mazito kama ya fundi ujenzi, na yakiloa mvua ndiyo balaa. Kwenye Kombe la Dunia la 1950 Brazil aliona wenzake wa Amerika Kusini wanavaa viatu vyepesi. Aliporudi akatengenezewa vya kwake, vyepesi kiasi kwamba havikudumu mechi nyingi. Akiwa na miaka 35 alikuwa bado anatafuta gramu za kupunguza.

Nne, tumbo. Hakunywa pombe. Alikula matunda na mboga mbichi, akanywa juisi ya karoti wakati wenzake wanaagiza bia, na Jumatatu alifunga, hali kitu, mwili upumzike baada ya mechi ya Jumamosi. Wachezaji wenzake walimwona mtu wa ajabu. Hata hivyo tusimfanye malaika. Enzi hizo sura yake ilitumika kwenye tangazo la sigara, kazi iliyolipa, ingawa mwenyewe hakuwa mvutaji.

Ukiweka vyote hivyo pamoja unaona jambo ambalo maveterani wetu wa Jumapili wangelifaidi. Sisi tuna zoezi moja: mpira, mara moja kwa wiki, dakika 90 za fujo, kisha supu na chapati, na wengine supu na kitu kingine. Jumatatu tunashuka ngazi kwa kushika ukuta. Matthews alikuwa na zoezi la pumzi, la kasi, la nguvu za miguu, la kunyoosha viungo, na siku ya kupumzika yenye maana. Kimoja kikishindwa, kingine kinabeba. Siku akiumia goti asiweze kukimbia, kifua na pumzi havikulala.

WEMBLEY, MEI 2, 1953

Blackpool ilifika fainali ya Kombe la FA mwaka 1948 ikafungwa 4-2 na Manchester United. Ikafika tena 1951, ikapigwa 2-0 na Newcastle. Watu wakaanza kuhesabu siku za Matthews. Ilipofika tena mwaka 1953 dhidi ya Bolton, alikuwa na miaka 38, na England nzima ilijua kuwa hiyo ndiyo nafasi ya mwisho ya ile ahadi kwa baba yake. Malkia Elizabeth, aliyekuwa anasubiri kutawazwa mwezi uliofuata, alikuwa jukwaani.

Bolton ikaongoza 3-1. Zikabaki dakika zisizozidi 25.

Kumbuka wakati huo hapakuwa na mchezaji wa akiba. Ukianza kumi na moja, unamaliza hao hao, mzima au mgonjwa. Bolton tayari ilikuwa na Eric Bell aliyeumia paja na anachechemea. Na beki wake wa kushoto, Ralph Banks, yule aliyepewa kazi ya kumkaba Matthews, misuli ilianza kukaza. Alikuwa mdogo kwa Matthews kwa miaka kadhaa. Mdogo ndiye aliyeisha pumzi, mkubwa ndiye aliyekuwa bado anashtuka.

Wenzake wakaliona hilo na mipira yote ikaanza kwenda kulia. Krosi ya Matthews, Stan Mortensen akafunga, 3-2. Mortensen tena, kwa mpira wa adhabu dakika ya 89, 3-3, bao lake la tatu siku hiyo. Kisha dakika za nyongeza, Matthews akampita beki hadi karibu na mstari, akarudisha mpira nyuma akiwa anateleza, na Bill Perry, kijana mzaliwa wa Afrika Kusini, akaukwamisha. 4-3. Mortensen alifunga matatu, lakini watu wakaiita fainali ya Matthews mpaka kesho. Mwenyewe hakulipenda jina hilo, alisema kila mara kwamba linamnyima haki rafiki yake.

Ungedhani hapo angetundika daluga. Akaenda Kombe la Dunia la 1954 Uswisi akiwa na miaka 39. Mei 1956, akiwa na 41, akacheza Wembley dhidi ya Brazil yenye Nilton Santos, mmoja wa mabeki bora wa kushoto waliowahi kutokea duniani, na akamsumbua jioni nzima. England ikashinda 4-2. Mwisho wa mwaka huo jarida la France Football likatoa Ballon d'Or kwa mara ya kwanza, na ikaenda kwake. Alimshinda Alfredo Di Stéfano wa Real Madrid kwa pointi 47 kwa 44. Mechi yake ya mwisho England ilikuwa Mei 1957 dhidi ya Denmark, akiwa na miaka 42. Mpaka leo hakuna aliyeichezea timu hiyo akiwa na umri mkubwa zaidi.

KARIAKOO YA STOKE

Oktoba 1961 akarudi nyumbani Stoke, timu ikiwa Daraja la Pili na uwanja mtupu. Mechi ya nyumbani kabla ya kurudi kwake ilikuwa na watazamaji 8,409. Mechi yake ya kwanza, dhidi ya Huddersfield, waliingia 35,974. Mzee wa miaka 46 alijaza uwanja kama dabi ya Kariakoo. Msimu wa 1962-63 Stoke ikapanda daraja, na mechi iliyothibitisha hilo, dhidi ya Luton, Matthews akafunga bao lake pekee la msimu. Miaka 48. Waandishi wa soka England wakampa tuzo ya mchezaji bora wa mwaka, tuzo ambayo aliwahi kuichukua mwaka 1948 ilipoanzishwa.

Tuwe wakweli, umri nao ulikuwa unadai chake. Mwaka 1964 goti lilimweka nje muda mrefu, na ile mechi ya Fulham ndiyo ilikuwa ya kwanza na ya mwisho kwake msimu ule. Siku ya Mwaka Mpya 1965 alitangazwa kupewa heshima ya kuitwa Sir, mchezaji pekee aliyewahi kuipata akiwa bado anacheza. Aprili ikapigwa mechi ya kumuaga; Lev Yashin na Ferenc Puskás wakambeba mabegani. Karibu mechi 700 za ligi, na hakuwahi kuonywa na mwamuzi hata mara moja. Baadaye alisema kosa lake lilikuwa kustaafu mapema. Aliamini alikuwa na miaka miwili mingine.

Ukocha wa Port Vale haukumwendea vizuri. Klabu iliadhibiwa kwa malipo yaliyovunja kanuni, naye akaondoka. Tuyaache hayo.

Kilichomfaa zaidi kilikuwa Afrika. Mwaka 1957, miezi michache baada ya Ghana kupata uhuru, alikwenda kucheza mechi za maonyesho akiwa na jezi ya Hearts of Oak, na wenyeji wakamsimika kama chifu wa soka. Tangu 1953 hadi 1978 alitumia majira ya kiangazi ya kwao kufundisha watoto wa Kiafrika: Afrika Kusini, Nigeria, Ghana, na huku kwetu Uganda na Tanzania. Kufundisha kwake hakukuwa kwa kukaa kwenye kiti na filimbi. Alivaa daluga na kuonyesha. Soweto, wakati wa ubaguzi wa rangi, aliunda timu ya vijana weusi wa shule na mwaka 1975 akaipeleka Brazil, safari ambayo timu ya weusi wa Afrika Kusini haikuwahi kuifanya. Alikuwa na miaka 60, anakimbia na watoto wa miaka 17.

Katikati ya hayo aliishi Malta, ambako alifundisha klabu ya Hibernians na kuvaa jezi mwenyewe akiwa na miaka 55. Alitembea sana, akaendelea na viungo vyake vya asubuhi. Mwaka 1985, akiwa na miaka 70, akacheza Brazil na maveterani wa England dhidi ya wakongwe wa huko. Goti likagoma moja kwa moja. Akatania kwamba kipaji chenye matumaini kimekatishwa njiani.

Alifariki Februari 23, 2000, wiki tatu baada ya kutimiza miaka 85. Majivu yake yamezikwa chini ya duara la katikati la uwanja wa Stoke City. Nje ya uwanja huo kuna sanamu zake tatu zilizosimamishwa pamoja, kila moja ikimwonyesha katika umri tofauti wa soka lake. Ana mpira mguuni.